Umri wa Kukadiria

Mwaka 2017 Kikuyu ya Dodoma ilikuwa haitulii. Julai ya mwaka uliotangulia Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na wazee waliokuwa wakiisikia habari hiyo tangu 1973 safari hii walishuhudia malori yakishusha meza na makabati ya wizara. Kodi za vyumba zilipanda. Kila kiwanja kilichokuwa na mchanga na miiba kilipata rundo la tofali. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), sina ajira, nimepanga chumba kimoja karibu na Chuo Kikuu cha St. John's, kile kilichoanza 2007 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Kijijini kwetu ni upande wa Kongwa, na sikutaka kurudi huko mikono mitupu.

Wahitimu wa wakati wetu tulikuwa na njia moja ya kusubiri, nayo ni kujitolea. Unaandika barua ya maombi, unapokelewa, unafanya kazi kama mtumishi mwingine ila mwisho wa mwezi hupati kitu, na nafasi za ajira zikitangazwa unaomba ukiwa na uzoefu. Mimi nilipokelewa kwenye kituo cha afya kimoja cha mjini, nikakaa mapokezi pamoja na dada wa kumbukumbu. Mgonjwa akifika tulimwandika jina, umri, kata na mtaa, tukatafuta faili lake kwenye rafu, na tusipoliona tukafungua jingine. Mwisho wa mwezi wauguzi waliketi na rejista za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, wakihesabu mstari kwa mstari: watoto chini ya miaka mitano waliougua malaria, wajawazito waliohudhuria mara ya kwanza, na mengine mengi. Hesabu zikikamilika zilipelekwa wilayani kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo ambao Tanzania ilikuwa imeusambaza nchi nzima kufikia 2013. Kwa hiyo jumla zilifika taifani. Habari za mgonjwa mmoja mmoja zilibaki kwenye karatasi, na faili likipotea, mama aliyesimama dirishani ilibidi amweleze daktari, kwa kumbukumbu yake mwenyewe, vidonge alivyopewa miezi mitatu iliyopita vilikuwa vya rangi gani.

Mwalimu mmoja aliyenifundisha chuoni alifika pale kumwona mgonjwa wake, akanikuta nikipanga mafaili. Nikamwamkia. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Wewe umesomea programu. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa upo, hauuzwi, na umeandikwa kwa Java hiyohiyo niliyowafundisha. Unaitwa OpenMRS. Usome ulivyoundwa, halafu ujitolee huko."

Nikamuuliza barua ya maombi napeleka kwa nani.

"Hakuna barua. Unachagua tatizo moja walilolieleza, unalishughulikia, unawaonyesha. Wao watasoma."

Nilianza kwa kusoma historia ya mradi wenyewe, na naamini ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuendelea. Nilitazamia kukuta habari za kampuni kubwa ya California. Nilikuta Mosoriot, kituo cha afya cha vijijini karibu na Eldoret, nchini Kenya. Mwaka 2001 madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha pale mfumo mdogo wa kuandikisha wagonjwa kwa kompyuta, uliojengwa kwa Microsoft Access. Mwishoni mwa mwaka huohuo mpango wa AMPATH ulianza kuwatibu watu wenye VVU katika eneo hilo, na matibabu ya VVU yana tabia yake: mtu haji mara moja akapona akaondoka. Anarudi mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na daktari lazima aone alikotoka. Wagonjwa wakaongezeka kupita uwezo wa mfumo ule. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari waliokuwa pia wataalamu wa kompyuta katika Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, walikwenda Eldoret kuona namna ya kusaidia. Wakabuni muundo mpya, wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health ambaye alikuwa akihangaika na tatizo lilelile katika nchi nyingine, na wakaamua kwamba badala ya mfumo wa hospitali moja watajenga msingi ambao hospitali yoyote duniani inaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuutumia bila kumlipa mtu. Februari 2006 OpenMRS ulianza kazi Eldoret. Mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu, Rwanda.

Nilipoyasoma hayo niliinuka kitini. Dirisha la Mosoriot lilikuwa dirisha letu. Mradi huu ulizaliwa upande wetu wa dunia, kwa sababu ya karatasi zilezile, na kwa hiyo mtu wa Kikuyu anayeingia humo haingii ugenini. Wazo hilo sijaliacha mpaka leo. Wengi wetu tunakaribia programu huria kama watu wanaoomba hifadhi kwa wenyeji wa mbali, tunashukuru kupita kiasi, tunanyamaza pale tunapojua jambo. Mtu aliyewahi kukaa mapokezi ya kituo cha afya cha Dodoma anajua kitu ambacho mhandisi hodari wa Indiana hawezi kukijua mpaka aambiwe.

Kuutayarisha mfumo kwenye kompyuta yangu mpakato ilikuwa kazi ya usiku, kwa sababu ya bando. Msimbo wenyewe si mzito. Kinachokula bando ni Maven, chombo kinachokwenda kuchukua maktaba zote ambazo programu inazitegemea, moja inaita nyingine, nayo inaita nyingine tena. Nilinunua kifurushi cha usiku na kukesha. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta ilinipa muda kidogo tu. Sitasema zaidi kuhusu hilo, kila aliyejifunza kazi hii akiwa kwetu anajua.

Kilichonishika ni kusoma msimbo. Nilikuwa nimefundishwa kuandika programu, lakini hakuna aliyekuwa amenifundisha kusoma programu kubwa iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Mwanzoni nilitafuta mlango wa kuingilia na sikuuona, hadi nilipoamua kuacha Java kabisa kwa muda na kutazama hifadhidata, jedwali kwa jedwali, nikijiuliza kila safu iliwekwa kwa ajili ya nani.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba katika OpenMRS habari ya mgonjwa kwa kawaida haifutwi. Karani akiandika kipimo kwenye jina la mgonjwa asiye yeye, kumbukumbu ile inabatilishwa: inabaki palepale, na pembeni yake kuna safu za kueleza kwamba imebatilishwa, nani aliibatilisha, lini, na kwa sababu gani. Dada wa kumbukumbu alikuwa akifanya hivyohivyo kwenye rejista. Hakuruhusu mtu kuchana ukurasa wala kufunika neno kwa wino mweupe. Alipiga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, akaandika lililo sahihi juu yake, akatia saini. Nilipomwonyesha alisema tu, "Hao wanajua kazi." Sijasikia sifa kubwa zaidi ya hiyo kuhusu programu yoyote.

La pili ni kamusi ya dhana. Katika mifumo niliyoonyeshwa kama mifano chuoni, kila swali la daktari lilikuwa na safu yake kwenye jedwali: uzito, presha, joto. Ugonjwa mpya ukizuka, au mwongozo wa matibabu ukibadilika, inabidi mwandishi wa programu aje kuongeza safu. Mamlin na Biondich walikataa njia hiyo. Maswali na majibu yamewekwa yenyewe kama data ndani ya kamusi, na kila anachokiona daktari kinaandikwa kama mstari mmoja: mgonjwa huyu, tarehe hii, swali hili, jibu hili. Mganga mwenye ruhusa anaweza kuongeza swali jipya bila kumngojea mtu kama mimi. Ndiyo maana wakati wa Ebola, mfumo uliobuniwa kwa ajili ya VVU Eldoret uliweza kupelekwa Kerry Town, Sierra Leone, ukafanya kazi katika kituo cha matibabu ambako wahudumu hawakuweza hata kutoa karatasi nje ya eneo lenye maambukizi.

La tatu lilikuwa safu moja ndogo kwenye jedwali la watu. Baada ya tarehe ya kuzaliwa kuna mahali pa kuweka ndiyo au hapana: je, tarehe hii ni ya kukadiria?

Hapo inanibidi nimtaje bibi yangu. Bibi hajui tarehe aliyozaliwa. Anachojua ni kwamba Wazungu wa karanga walipokuja Kongwa, yeye alikuwa tayari ametumwa shambani kuamia ndege. Mradi wa karanga ulianza 1947, na bibi ameyasimulia mara nyingi matrekta yale, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, yaking'oa mibuyu ambayo watu walidhani haing'oleki. Mtoto anayeamia ndege ana miaka saba, labda minane. Piga hesabu, unapata karibu na 1940. Katika kituo chetu bibi alikuwa na mafaili mawili, kwa sababu siku moja aliandikwa ana miaka 77, na siku nyingine, mbele ya karani mwingine, akaandikwa 82. Makarani wote wawili walikuwa waaminifu. Walimtazama, wakamuuliza, wakakisia. Lakini karatasi ilipokea kisio lao kama ukweli uliothibitishwa, na mtu wa tatu aliyetafuta faili aliona watu wawili tofauti.

Mtu aliyeweka safu ile katika OpenMRS alikuwa amewasikiliza watu kama bibi. Hakumlazimisha mama mzee kuwa na siku ya kuzaliwa. Aliacha mfumo ukiri kwamba hapa tunakadiria, ili anayetafuta baadaye ajue kwamba 77 na 82 huenda ni mtu mmoja. Usiku huo niliisoma safu ile mara nyingi. Nilikuwa nimekaa miaka minne darasani nikifundishwa usahihi, na sikuwahi kuona programu inayotunza kutojua kwa heshima namna hiyo.

Kazi za mradi hugawanywa kwa tiketi. Kila tiketi inaeleza tatizo moja, na zile zinazomfaa mtu mgeni huwekewa alama ili asipotee kwenye mambo mazito. Unaichukua kwa jina lako, unatengeneza nakala yako ya msimbo, unafanya mabadiliko, unaandika maelezo yanayoanza na namba ya tiketi, kisha unatuma ombi la kuunganisha kazi yako na msimbo mkuu. Tiketi niliyochagua ilihusu sehemu inayokagua tarehe ya kuzaliwa kabla haijaingia kwenye hifadhidata. Kanuni zilikuwa rahisi: tarehe isiwe ya siku zijazo, na wakati ule, isimfanye mtu kuwa na zaidi ya miaka 120. Msimbo ulikuwepo na ulifanya kazi. Kilichohitajika ni majaribio zaidi, yaani vipande vidogo vya programu vinavyoipima programu yenyewe, ili siku mtu akigusa pale bila kukusudia, mashine ipige kelele.

Hii ni kazi ambayo wengi huiona ya chini, na nawaomba vijana wasiione hivyo. Kuandika jaribio kunakulazimisha kuelewa msimbo unatakiwa ufanye nini kabla hujauliza unafanyaje. Kwangu ilikuwa pia nafasi ya kuchagua ni watu gani wa kupimia. Nilihitaji tarehe ya mzee sana ambaye bado angekubalika. Nikamkumbuka mama yake bibi, aliyekuwa mtoto mchanga wakati wa Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, pale ukame ulipokuja juu ya nchi ambayo majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Wazee wetu walipanga umri wa watu kwa njaa hiyo. Nikaandika 1918.

Nilipotuma ombi, kwanza mashine ya mradi ilijenga programu nzima na kuendesha majaribio yake maelfu pamoja na yangu. Ilichukua muda, nami nikaitazama mpaka ilipomaliza. Kisha nikasubiri binadamu.

Mhakiki aliyejibu alikuwa Mganda, akiandika kutoka Kampala. Nilikuwa nimejiandaa kwa moja kati ya mambo mawili, kukubaliwa au kukataliwa. Sikuwa nimejiandaa kusomwa. Yule bwana alikuwa amepitia kila mstari. Pembeni ya jaribio moja aliniomba niligawe mara mbili, kwa sababu lilikuwa likiuliza maswali mawili, na likishindwa siku moja mtu hatajua ni swali lipi. Pembeni ya jingine aliniomba nilipe jina linaloeleza kinachotarajiwa, ili msomaji asilazimike kufungua ndani. Na pembeni ya 1918 aliandika kwamba tarehe hiyo ni nzuri leo, lakini ifikapo 2038 itavuka miaka 120, jaribio litaanza kushindwa, na mtu atakayekuwa kazini siku hiyo atahangaika kutafuta kosa ambalo halipo. Afadhali umri uhesabiwe kurudi nyuma kutoka siku jaribio linapoendeshwa. Halafu akauliza, kwa kutaka kujua tu, kwa nini nilichagua mwaka ule.

Nikamweleza Mtunya. Akajibu kwamba kwao wazee walihesabu kwa mwaka wa nzige.

Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati huo na bado narudi kwenye maoni yale. Mtu nisiyemjua, ambaye hakuna aliyemwamuru kunisaidia mimi, alikaa na mistari michache ya mhitimu asiye na kazi wa Dodoma, na alipokuwa akiisoma alimfikiria mtu wa tatu ambaye wakati huo huenda alikuwa shule ya msingi, atakayefungua msimbo huu mwaka 2038. Chuoni kazi zetu zilisahihishwa kwa alama. Unapewa 14 kati ya 20, unaendelea na somo linalofuata. Hapa hapakuwa na alama. Palikuwa na kazi ambayo lazima iwe nzuri kwa sababu itatumika kwa wagonjwa, na mimi nilihesabiwa kuwa mmoja wa wanaoweza kuifanya iwe nzuri. Nilirekebisha, nikatuma tena, akaomba jambo dogo lingine, nikarekebisha. Siku ombi lilipokubaliwa, mtu mwingine katika mradi, wa Eldoret, aliniandikia kwa Kiswahili: "Karibu sana ndugu, kazi ni nyingi." Kweli zilikuwa nyingi. Nilichukua tiketi nyingine wiki ileile.

Baadaye niliwazoea watu. Katika mikutano ya sauti walikuwepo Waganda, Wakenya, Wanyarwanda, Wahindi, vijana wa Kamerun na wa Sri Lanka, na madaktari wa Marekani waliosikiliza zaidi ya walivyozungumza. Kiingereza changu cha kusema kilikuwa kizito kuliko cha kuandika, na mtandao wa Kikuyu jioni, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, uliikata sauti. Nikawa nasikiliza, halafu naandika maoni yangu usiku. Hakuna aliyelalamika. Mradi uliozaliwa mahali pa mtandao dhaifu una uvumilivu huo ndani yake. Hata mfumo wenyewe umepangwa ufanye kazi kwenye seva moja iliyo palepale hospitalini, bila kutegemea intaneti.

Baba alikuja mjini kwa shughuli zake, akalala kwangu. Alfajiri aliamka akanikuta mezani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hao unaowafanyia kazi usiku kucha, wanakulipa?"

"Hapana baba."

"Wananufaika na nini?"

Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza: kwamba programu ni ya wote, leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, hospitali ya Kenya inaitumia, ya Rwanda inaitumia, na nikirekebisha kitu hapa kinakuwa kimerekebishwa kwa wote. Baba akanyamaza, akanywa chai yake. Kisha akasema, "Kumbe ni kama kualikana kupura uwele. Leo mnapura kwangu, kesho kwako."

Nilikubali, na kwa sehemu kubwa nakubali hadi leo. Lakini kuna jambo lazima lisemwe wazi, kwa sababu wanaoisifu kazi hii mara nyingi hulipita. Katika kupura, wote wanaokuja wanatoka na vumbi sawasawa. Katika programu huria baadhi ya wanaochangia wanalipwa mshahara na taasisi zao kufanya hivyo, wana umeme usiokatika na intaneti wasiyoihesabu, na wengine wananunua bando kwa pesa ya chakula. Mchango unapotazamwa wote unaonekana mmoja, mistari ya msimbo yenye jina pembeni. Mimi sidai kwamba kila anayejitolea alipwe. Nadai kwamba anayealika vijana wetu kujitolea ajue gharama yao, na taasisi zinazotumia mifumo hii kwetu, ambazo zinaokoa fedha nyingi za leseni, ziwawekee vijana hao angalau meza, umeme na mtandao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, nyuma yake kulikuwa na watu waliowezeshwa kukaa na kuifanya kazi ile. Kujitolea kunachipua vizuri mahali palipotayarishwa.

Mimi mwenyewe nilipata faida niliyokuwa siitafuti. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi ya mkataba ya mifumo ya taarifa za afya, sikuulizwa sana kuhusu cheti. Wasaili walikuwa wamesoma kazi yangu ndani ya OpenMRS, pamoja na maoni ya wahakiki na majibu yangu, na mmoja wao akaniuliza kuhusu lile suala la 2038. Tulizungumza hilo kwa muda mrefu. Nikaajiriwa, nikaondoka mapokezi, nikabaki Kikuyu.

Bibi mafaili yake mawili yaliunganishwa na dada wa kumbukumbu kwa mkono, kwa pini, kabla sijaondoka. Juu ya jalada aliandika mwaka 1940, na mbele yake akaweka neno "takriban."

Siku hizi mimi ndiye ninayehakiki kazi za wageni, na karibu kila mara huwaambia waanze na majedwali kabla ya msimbo. Mwanafunzi mmoja anayepanga mtaa wa pili kutoka kwangu alikuja akiwa amesoma jedwali la anwani na kuliwekea maswali. Aligundua kwamba ngazi za anwani zinaweza kupangwa upya na kila nchi, na kwamba kuna moduli inayopokea orodha ya maeneo ili karani achague kutoka ngazi moja kwenda nyingine badala ya kuandika. Akaniuliza, "Kaka, orodha ya Dodoma iko wapi?" Haikuwepo. Akasema mapokezi ya Mosoriot yalipata mfumo kwa sababu kuna mtu aliyaangalia mapokezi ya Mosoriot, kwa hiyo na sisi tuangalie ya kwetu.

Tulianza na kata 41 za Jiji. Majina ya kata yalipatikana haraka. Mitaa ndiyo iliyotushughulisha, maana mingine imegawanywa, mingine watu wanaiita kwa jina la zamani, na karani akiandika jina moja na mgonjwa akataja jingine, faili linapotea tena, safari hii ndani ya kompyuta. Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda kwenye ofisi za serikali za mitaa na daftari. Kikuyu Kaskazini tumemaliza. Kikuyu Kusini mwenyekiti mmoja wa mtaa alitukalisha kwenye benchi, akasoma orodha yetu jina kwa jina, akaomba kalamu, akaongeza majina mawili ambayo wenyeji wanayatumia na hayamo kwenye karatasi yoyote. Yule mwanafunzi aliweka safu ya ziada kwa ajili ya majina hayo. Ombi lake la kuunganisha liko mbele yangu, na nimemwomba aeleze kwenye maelezo ya tiketi kila jina limethibitishwa na ofisi ipi.